Kitabu Kilichorudishwa Kitupu

Mkasa wa pikapu ya yule mkulima wa Nyamira umekwisha kusemwa sana, kuanzia Keroka hata Suneka, na kila mwenye gari jipya katika kaunti zetu mbili, Nyamira na Kisii, anaujua mwanzo wake na mwisho wake. Kwa hiyo sitausimulia upya, bali nitauchambua, kwa kuwa naona watu wengi wamelaumu pasipo na lawama, wakaliacha kosa lenyewe limekaa salama. Wako wasemao kwamba alikosa kwa kulitoa gari lenye dhamana mikononi mwa wakala na kulipeleka kwa fundi wa Kisii mjini. Hilo si kosa. Wako wasemao kwamba mkosaji ni wakala aliyekataa kuilipia pampu ya dizeli iliyokufa baada ya hapo. Naye ana taksiri yake, nami nitaifikia. Lakini kosa kubwa, ambalo lau halikutendeka haya mengine yasingalipata nguvu, lilitokea kazi ikiwa imekwisha na boneti imefungwa, pale fundi alipokataa kuandika katika kitabu cha sevisi.

Katika sevisi yenyewe, iliyokuwa ya kilomita 10,000, sioni dosari: oili ilikuwa ya daraja lililotajwa na kiwanda na kopo lilifunguliwa mbele ya mwenyewe, filta mbili, ya oili na ya dizeli, zilikuwa za asili, wosha ya nati ya sampu ilikuwa mpya, na maji ya chujio la dizeli yalimwagwa.

Sasa tukitazame kitendo chenyewe, na wote wawili, mkulima na fundi, wamenieleza wala hawahitilafiani. Mzee huyo mkulima alikitoa kitabu katika kisanduku cha dashibodi, akafungua ukurasa ambao sanduku la sevisi ya kwanza lilikuwa na muhuri wa wakala, akamwonyesha fundi sanduku lililofuata. Fundi akajifuta mikono, akakitazama, akakirudisha. "Omogaka," akasema, "hiki ni cha kampuni. Nikiandika humu nitakuharibia waranti." Mzee akajibu, "Sawa, mwanangu," akakirudisha mahali pake. Kisha fundi huyo huyo akatwaa kibandiko cha kampuni ya oili, akaandika kwa mkono ulionyooka tarehe, kilomita za siku ile na kilomita za sevisi ijayo, akakibandika penye ukingo wa mlango. Fedha zikalipwa kwa M-Pesa, risiti isitolewe kwa kuwa watu wale wanajuana, na maboksi ya filta, yaliyochapwa nambari zao, yakatupwa motoni pamoja na matambara ya grisi.

Hebu tulipime jambo hili hatua kwa hatua. Fundi alidhani kwamba mwandiko wake ungeiharibu dhamana, ilhali kilichoiharibu ni kukosekana kwa mwandiko huo. Kitabu cha sevisi ni ushahidi wa matunzo ya gari, nacho ni mali ya mwenye gari. Sanduku lililojazwa na fundi wa nje laweza kubishaniwa, lakini sanduku tupu halibishaniwi, kwa maana kwa mtu aketiye nyuma ya meza ya wakala utupu huo una tafsiri moja tu, kwamba kazi haikufanyika. Na pampu iliyokufa haikuwa kitu cha kuchezea: injini hizi za dizeli za siku hizi husukuma mafuta kwa presha inayoweza kufika bar 1,600 na zaidi, na sehemu zake zimechongwa kwa usawa ambao tone la maji au chembe ya uchafu yatosha kuukwaruza, hata swali la kwanza la mkaguzi yeyote, awe mwema au awe mkorofi, ni moja: filta ya dizeli ilibadilishwa lini, na ilikuwa ya nambari gani? Jibu la kweli lilikuwapo, nalo lilikuwa jema. Lakini lilikuwa limeteketea pamoja na maboksi, na ujumbe wa M-Pesa, ambao mzee alihangaika kuutafuta katika simu yake mbele ya karani, hueleza tu kwamba fedha zimetoka kwa fulani kwenda kwa fulani, hautaji filta.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kabisa kumtetea fundi yule, ambaye mikono yake naiheshimu: kile kibandiko kinashuhudia kwamba aliujua umuhimu wa tarehe na wa kilomita, na kwamba kalamu alikuwa nayo, ina wino. Aliyaandika yote yaliyohitajiwa, akayaandika mahali ambapo mvua ya Nyamira na dobi wa magari wangeyafuta kabla ya sevisi ijayo, akakiacha kitabu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Naye mzee, aliyekuwa na haki ya kusema, "Andika, mwanangu, na ubaya wowote utakuwa juu yangu," akanyamaza kwa adabu. Adabu hiyo imemgharimu pampu.

Najua desturi hii ya kutoandika imetoka wapi, na nimeilalamikia kabla ya leo. Ufundi wa Kisii umekulia juu ya Probox, gari lililokwisha kutumiwa Japani, ambalo huingia nchini likiwa halina dhamana ya mtu yeyote, na ambalo kitabu chake, kikiwapo, kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo kimezuka kizazi cha mafundi hodari, wawezao kushusha injini na kuipandisha kabla ya jua kuchwa, lakini ambao hawajapata hata siku moja kuulizwa na mtu, "Ulifanya nini, na kwa hati gani?" Desturi hiyo ndiyo mama wa oili ya pipa, ambayo nimeipinga katika safu hii na nitaendelea kuipinga, maana oili isiyo na kopo haina daraja linaloweza kuandikwa mahali popote. Wazee waliotufunza sisi hawakuwa hivyo. Katika gereji za zamani za mji huu gari halikuguswa kabla ya kufunguliwa kadi ya kazi, na kadi hiyo ilichomekwa msumarini mpaka mwenye gari atie sahihi. Fundi asiyejua kuandika alimwita mwenzake amwandikie, wala hakuona haya.

Wapenzi wa Safari Rally mtanielewa upesi. Dereva Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, jirani yetu kabisa, alishinda mashindano hayo mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na wengine, akashinda tena mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Na sifa zake zote za usukani na za spana, alizozipata kwa kukulia katika ufundi, zisingalimfaa kitu kama kadi yake ya muda isingalitiwa alama katika kila kituo cha ukaguzi. Dereva aliyepita matope yote kwa kasi na akakosa alama ya kituo kimoja, huyo waamuzi walimtoa mashindanoni. Joginder aliheshimu spana na kadi kwa kiasi kimoja. Fundi wetu ameheshimu spana peke yake.

Sasa nimgeukie wakala, ambaye simtaji. Huyu hakusema kwamba filta ilikuwa mbaya, wala kwamba oili ilikuwa ya daraja la chini, alisema tu, "Gari lilitoka nje." Hiyo si hoja. Katika nchi nyingine neno kama hilo limekwisha kukatazwa: Marekani, kwa sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, ilimzuia mtoa dhamana asiifunge dhamana yake kwa kipuri au huduma ya jina fulani ambayo mnunuzi anailipia mwenyewe, Umoja wa Ulaya ukashika njia hiyo katika kanuni zake za mwaka 2010 za biashara ya magari, na Afrika Kusini, kwa mwongozo wa Tume yake ya Ushindani ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, ikaeleza kwamba mwenye gari lililo ndani ya dhamana ana ruhusa ya kulipeleka kwa fundi asiye wa wakala. Kwetu Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, na haki ya fidia kwa hasara iletwayo na kasoro, na baada yake ikaja Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012. Mkulima wetu alipaswa kudai kukataliwa kwake kuandikwe, kwa sababu zilizotajwa moja moja, ili apate kitu cha kuwasilisha mbele ya mwenye kuhukumu. Na kabla ya hapo, siku ya kununua, alipaswa kuyasoma masharti ya dhamana, na kama yamesema sevisi ni kwa wakala peke yake, aulize kwa barua na ajibiwe kwa barua.

Walakini haki zote hizo husimama juu ya ushahidi. Mwenye sanduku lililojazwa na risiti mkononi humlazimisha wakala athibitishe ubaya wa kazi ya nje. Mwenye sanduku tupu hulazimika yeye kuthibitisha kwamba kazi ilikuwapo, na mzigo huo haubebeki.

Liko pia jambo la milima yetu. Gari lipandalo Manga likiwa na mbolea, likashuka soko la Daraja Mbili na shehena ya ndizi, kwa gia ndogo na vituo visivyokwisha, limo katika matumizi magumu, ambayo vitabu vingi huyafupishia muda wa oili, aghalabu hata nusu. Kumtaka mwenye gari la namna hiyo apoteze kutwa nzima kwa wakala wa mbali kila kilomita 5,000 ni kumtaka aahirishe sevisi. Na sevisi iliyoahirishwa huua injini kwa hakika kuliko fundi yeyote wa Kisii. Ndiyo maana nasema kuitoa pikapu mikononi mwa wakala kulikuwa kwa busara.

Basi kwa sevisi ijayo, sanduku lijazwe tarehe, kilomita, daraja la oili na kiasi chake, nambari za filta, jina la gereji, simu na sahihi. Na kama kitabu hakina nafasi ila ya muhuri wa wakala, iandikwe kadi ya kazi yenye nambari ya chesisi, ibandikwe papo hapo penye ukurasa. Risiti itaje vitu kimoja kimoja, na maboksi ya filta yarudi nyumbani na mwenye gari. Mwenye gari asilipe hata shilingi kabla hayo hayajatimizwa, hata kama fundi ni mtoto wa nduguye. Na fundi ajuaye kwamba kazi yake ni safi, kisha akaogopa kuitilia sahihi, amekubali kwa kinywa chake mwenyewe lile neno ambalo mawakala wamekuwa wakimsingizia siku zote, kwamba mkono wake si wa kuaminiwa; nami, niliyewaona mafundi wa Kisii wakifanya kazi, nasema neno hilo ni la uwongo, na ni wajibu wao wenyewe kulikanusha kwa maandishi.