Uzi wa Buibui: Nani Aliukata?

Hadithi ya Akutagawa Ryunosuke, "Uzi wa Buibui", ni fupi sana. Mjapani huyo aliiandika mwaka 1918 kwa ajili ya jarida la watoto. Nimeisoma na vijana wa kikundi chetu, na ubishi wake haujaisha mpaka leo.

Yenyewe iko hivi. Kandata ni jambazi aliyeua watu na kuchoma nyumba, sasa yuko motoni. Buddha, akitembea kando ya bwawa la mayungiyungi huko peponi, anamwona kule chini. Anakumbuka kwamba siku moja porini Kandata alitaka kumkanyaga buibui, akamhurumia, akamwacha. Basi anamteremshia uzi wa buibui. Kandata anaparamia. Akipumzika katikati anatazama chini: kumbe wakosaji wengine wasiohesabika wanakuja nyuma yake kama siafu! Anawapigia kelele kwamba uzi ni wake, washuke. Hapohapo uzi unakatika, pale pale alipoushika.

Wengi husema funzo ni "usiwe na choyo", wanafunga kitabu. Mimi nasema tusiende haraka. Angalia uzi unakatika lini. Haukatiki kwa uzito. Ulikuwa umeshawabeba watu wote wale, na bado mzima. Unakatika kwa neno. Hapo ndipo mafundisho ya Kibuddha yanapoonekana: karma si bahati wala kuandikiwa, ni tendo, na mzizi wa tendo ni nia. Nia njema moja kwa mdudu ilishusha uzi; nia mbaya moja kwa binadamu ikaukata. Mwandishi hahubiri sana, anauacha uzi useme. Hiyo ndiyo nguvu ya hadithi.

Lakini ina shimo. Binti mmoja wa kikundi aliuliza: "Sasa wale wa chini walikosa nini?" Wote tukanyamaza. Kandata kakosa mmoja, wakaanguka wote. Na Buddha anasikitika, halafu anaendelea na matembezi yake. Mayungiyungi yananukia vilevile. Kama kila mtu anabeba matendo yake, mbona hawa wamebeba ya Kandata? Na aliyeteremsha uzi mmoja mahali penye watu wengi hivyo, yeye hana swali la kujibu? Ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, sisemi ninyi ni Buddha. Nauliza tu.

Ningependa kuishia hapo, lawama zikiwa zimebaki juu. Ila kuna jambo. Mwaka jana niliona tangazo la mafunzo, nafasi 5. Rafiki yangu tunayelala naye nyumba moja alikuwa na sifa kunizidi. Nilikaa na ile habari siku tatu, kimya, nikamwambia siku ya mwisho jioni, ofisi imeshafungwa. Nafasi nikaipata. Sikupiga kelele kama Kandata, nilinyamaza tu. Nimemwambia ukweli juzi, kabla ya kuandika haya. Alicheka, halafu hakuongea nami mpaka kesho yake usiku.

Kwa hiyo swali la yule binti limenikaa kooni. Mtu anaweza kukata uzi bila hata kufungua mdomo, na anayeanguka ni wa chini yake. Aliye kule juu bwawani tuendelee kumuuliza, ni haki yetu. Ila tukiuliza, tuangalie na mikono yetu inafanya nini kwenye uzi.