Baden-Powell, askari mwenye kuchora

Jina la Baden-Powell twalijua kwa maskuti wa parokia. Vitabu vyake ni wachache kwetu wanaovisoma. Mwingereza huyu alikuwa askari miaka zaidi ya thelathini mbele ya kutoa Scouting for Boys, mwaka 1908. Picha alizichora mwenyewe, na hapo twamsifu bila shaka: maneno machache, mistari michache ya kalamu, na mtoto amekwisha kuelewa namna ya kufunga kamba. Wakatekista, mwenye chaki na ubao tu atapata faida kwake.

Lakini mkono ule ulizoea kuchora vitani. Alificha ramani ya ngome katika mabawa ya kipepeo, naye anasimulia kwa kicheko. Sisi hatucheki sana. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, chifu Uwini alikuwa mfungwa mwenye jeraha. Baden-Powell aliita baraza la askari limhukumu, akapigwa risasi. Kitabu cha vita vile, chenye picha zake, kilitoka mwaka 1897, nacho chasimulia vita kama mawindo.

Alikufa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Padri anayelea maskuti awasomee vijana vitabu vyote viwili. Watauliza juu ya Uwini. Awape nafasi ya kuuliza.