Mjue Fundi wa Haidroliki Kabla Hajashika Spana

Eskaveta ya mtumba iliyokwisha kupiga saa 10,000 haikosi mahali palipolowa. Fundi mpime kwa anachokifanya kwanza. Akifika tu akanyooshea kidole tone lililo chini ya mashine, huyo bado. Oili huteremka, hufuata kingo za chuma, hupeperushwa na feni, ikaja kudondoka mbali kabisa na ilikotoka. Anayeijua kazi huomba maji na sabuni. Huosha, hukausha, huwasha mashine mpaka oili ipate moto, kisha hutafuta sehemu ya juu kabisa iliyoanza kung'aa. Ukoko mweusi ni habari za zamani. Na tone moja kwa sekunde asilidharau: kwa saa 24 ni zaidi ya lita 4.

Mtihani wenyewe ni mkono mkubwa unaoshuka wenyewe mashine ikiwa imezimwa. Hapo wababaishaji hukimbilia dukani kununua sili za jeki. Ni kweli, sili ya pistoni ikifa, oili hupenya kutoka chini ya pistoni kwenda juu. Lakini huko juu rodi imeshachukua nafasi, kwa hiyo oili yote haienei. Kama valvu inayozuia oili ya jeki isirudi tangini inafunga sawasawa, mkono utashuka kidogo, kisha utagoma. Ukizidi kuteremka mpaka chini, ujue oili inatoka ndani ya jeki na kurudi tangini, na wa kushukiwa kwanza ni valvu. Fundi makini huweka alama ya chaki kwenye rodi, hukataza mtu yeyote kupita chini ya mkono, husubiri, hupima, ndipo hutaja bei.

Oili ikipungua bila kudondoka popote, atapima oili ya giaboksi ya kuzungushia mashine. Kiwango kikiwa kimepanda badala ya kushuka, sili ya shafti ya mota inavujisha kwa ndani. Pampu ikipiga kelele na oili ikitoa povu, ataangalia mpira wa kuvuta kutoka tangini. Ufa wa pale hunyonya hewa mashine ikifanya kazi, na huenda usidondoshe hata tone.

Rodi yenyewe aipitishie ukucha. Ukinasa kwenye mkwaruzo au kishimo cha kutu, sili mpya italiwa muda si mrefu. Kromu itengenezwe kwanza. Mimi fundi asiyegusa rodi simwachii jeki yangu aifungue.

Na akipapasa hosi kwa kiganja wakati mashine inanguruma, msimamishe hapo hapo. Presha ya bar 200 na zaidi ikitokea kwenye tundu dogo kama la sindano hutoboa ngozi, hata glavu haizuii. Tundu kama hilo hutafutwa kwa kipande cha boksi. Jeraha lake hufanana na la mwiba na mwanzoni huenda lisiume sana, ila halingoji kesho: ni hospitali yenye daktari wa upasuaji, saa ile ile, na aambiwe kwamba kilichoingia ni oili.