Kuli Kwanza, Kusadikika Baadaye

Swali la kitabu gani kisomwe kwanza huchukuliwa kama swali la ratiba tu. Orodha hugawiwa, huanza na kilicho cha zamani zaidi, na msomaji hupanda mwaka kwa mwaka. Kwa mwenzetu aliyelelewa Lamu au Unguja njia hiyo haina tabu. Kwetu sisi wa Kampala, Masaka au Mbale, tuliokutana na Kiswahili darasani na si jikoni, ina gharama. Darasa linaloanza muhula likiwa limejaa huwa limepungua kabla hatujaifikia riwaya ya kwanza.

Rafu yangu ina vitabu 17. Vingi ni vya mtumba, viwili havina jalada, kimoja ni nakala ya mashine ya fotokopi. Nitazungumzia vichache tu, vile ambavyo tumevibishania zaidi bwenini.

Orodha iliyozoeleka huanza na Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, zikafuata Al-Inkishafi na mashairi ya Muyaka, kisha Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), ndipo aje Shaaban Robert. Siudharau mpangilio huu. Unaonyesha wazi nani alirithi nini kwa nani. Lakini ni mpangilio wa mwanahistoria, mtu ambaye ameshafika mwisho wa safari na sasa anawachorea wengine ramani. Anayeanza hana haja ya ramani ya nchi nzima. Anahitaji mlango mmoja uliofunguliwa.

Kwangu mlango huo ni Kuli ya Adam Shafi (1979). Ni kisa cha Rashidi, mwana wa kuli wa bandari ya Unguja, ambaye baba yake anafia kazini, naye anaishia kubeba mizigo ile ile na hatimaye kuingia katika mgomo wa 1948. Matukio yanasonga, watu wanazungumza kama watu, na msomaji asiyejua neno la bandarini analipata maana kwa kuona mikono inafanya nini. Wapo wanaosema riwaya hii ni ya kisiasa mno, wahusika wake wamegawanywa wema huku na waovu kule. Kweli, matajiri wake hawana kina. Lakini udhaifu huo humsaidia anayeanza: hapotei njia, na nguvu zake zote anazitumia kwenye lugha.

Ipo pia sababu inayotuhusu sisi wa Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa, na kwa wazee wengi wa Kampala kikabaki kuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Jajja yangu hunyamaza mpaka leo akikisikia nje ya mlango. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, lakini idhini haiwezi kumwondolea mtu hofu aliyoizoea. Ndani ya Kuli, Kiswahili hakiko mdomoni mwa mwenye bunduki. Kiko mdomoni mwa mtu aliyechoka, anayedai ujira wake. Nikilazimika kuchagua kitabu kimoja cha kumsomea jajja, nitachagua hiki kabla ya utenzi wowote.

Kinachofuata ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Wengi wetu hukikimbilia kwa kuwa kiliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, wakakimaliza kwa kuwinda kurasa za aibu. Ni afadhali kukaa na sura za mwanzo: Zakaria akimpiga bintiye kwa sababu ya barua na shilingi tano za mvulana. Anguko lote la Rosa linatoka pale, na anayekimbilia kurasa za aibu hamwoni Zakaria.

Ndipo ije Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), na hapa ndipo ubishi wetu ulipo mkali. Ukiisoma kwanza, kama orodha inavyotaka, unakutana na nchi inayoelea angani, mshitakiwa anayeitwa Karama, waziri anayeitwa Majivuno, na wajumbe sita waliotumwa huku na huko, wakarudi na mema, wakafungwa. Mwenzangu mmoja aliifunga akasema ni mawaidha ya watoto. Simlaumu. Majina yanatangaza tabia, na sentensi zimepimwa pande zote mbili kama mizani ya sonara.

Lakini isome ukitoka Kuli. Shafi aliandika juu ya 1948 akiwa amekaa mbali nayo, uhuru umeshapatikana, kila mkandamizaji anaweza kutajwa. Shaaban Robert aliandika akiwa ndani ya miaka ile ile ya ukoloni, mtumishi wa serikali ile ile, asiweze kuitaja. Ghafla kuelea kwa nchi kunapata sababu: hiyo ni nchi ambayo hairuhusiwi kuwa mahali fulani. Rashidi na wenzake wana silaha ya kutua mizigo chini. Karama ana ulimi tu, na anautumia siku baada ya siku mbele ya baraza linalotaka kumuua. Sikuona tena mawaidha. Niliona mtu anayechelewesha hukumu.

Wahadhiri watasema kuanza nyuma kunaficha deni ambalo waandishi wa baadaye wanadaiwa na Shaaban. Hoja hiyo ina uzito zaidi kwa Kezilahabi: Nagona (1990) haisomeki bila kupitia Kichwamaji (1974), na hapo nafuata miaka bila ubishi. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) imenishinda kuipangia nafasi. Tamthilia haikai vizuri katika foleni ya riwaya, kwa hiyo tunaisoma Jumamosi jioni kwa sauti, kila mtu na sehemu yake.

Tambuka bado iko rafuni, imewekwa juu ya kamusi. Nimeipangia likizo ya Desemba, na rafiki kutoka Mombasa ameahidi kuketi nami katika beti za mwanzo.