Kumbukumbu ya Mtu Hukaa kwa Nani?

Katika tamthilia za televisheni zitokazo Korea ya Kusini, ambazo zimepata watazamaji wengi katika Tanzania, nyingine zikiwa zimetiwa maneno ya Kiswahili, limo jambo lirudilo mara nyingi hata mtazamaji hulingojea kama angojeavyo mvua za masika: mtu hupatwa na ajali, hulazwa hospitali, na azindukapo hajui jina lake. Jambo hili limetumiwa sana, na aghalabu limetumiwa vibaya. Mtungaji aliyefikwa na ugumu wa hadithi humpiga mhusika wake kichwani, ugumu ukamwondokea. Walakini iko tamthilia moja ambayo haistahili kutupwa pamoja na hizo, nayo ni Who Are You: School 2015, iliyoonyeshwa na kituo cha KBS2 tangu Aprili hadi Juni 2015 katika vipindi 16.

Mhusika wake mkuu ni msichana wa shule aitwaye Lee Eun-bi, yatima alelewaye katika nyumba ya watoto huko Tongyeong, mji wa pwani. Wanafunzi wenzake wanamtesa, na mkuu wa watesaji ni msichana Kang So-young. Eun-bi anakata tamaa na kujitosa majini. Azindukapo hakumbuki kitu. Mbele yake amesimama mwanamke wa Seoul, Song Mi-kyung, amwitaye mwanangu, Go Eun-byul. Kwa maana Eun-bi anaye pacha aliyechukuliwa kulelewa na mama huyo, na pacha huyo ametoweka katika safari ya shule. Basi yatima anapelekwa Seoul, anapewa chumba, sare, marafiki na jina. Huko Tongyeong anahesabiwa kuwa amekufa.

Wenye ujuzi wa maradhi ya ubongo wataguna hapa, nao wana haki. Mtu aliyeumia kichwa kwa kawaida husahau mambo ya karibu na ajali, au hushindwa kushika mapya. Ni nadra sana asahau jina lake na huku ajua kusoma, kuvaa na kusalimu. Lakini kosa hilo si kubwa. Mchezo haukutungwa ili kufundisha uganga, na uchunguzi wake wa haki ni mwingine: je, unajua kumbukumbu ya mtu hukaa wapi?

Kiswahili kina la kusema katika neno hili. Husemwa mtu amepoteza kumbukumbu, na husemwa pia amepotewa na kumbukumbu, nayo kauli hii ya pili ni nzuri zaidi, kwa kuwa humwonyesha mtu amekaa pale pale, na kitu ndicho kilichomwacha kikaenda zake. Tena, neno lenyewe halikufungwa kichwani. Kumbukumbu za mkutano ni karatasi. Kumbukumbu ya marehemu ni siku wakutanikayo watu. Na katika kitenzi, kando ya kukumbuka liko kukumbusha, ambalo haliwi bila mtu wa pili. Anayekumbuka aweza kuwa peke yake, anayekumbushwa hawezi.

Ili kuupima mchezo huu kwa mizani ya hapa, na uhamishwe kwa fikira hadi Magoma, wilaya ya Korogwe, katika bonde la mto Lwengera lililo kati ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Kijana wa kijiji cha mlimani aanguke, azinduke, asijue jina lake. Hadithi itakwisha kabla ya jioni. Bibi atamtaja kwa jina, na jina la babu aliyerithi; jirani atasema mwendo wake ni wa baba yake; mtani atamcheka kwa deni la mwaka jana. Kijana atakuwa amesahau, bali hatakuwa amepotea, kwa sababu habari zake zimewekwa kwa watu wengi, kila mmoja akiba yake kidogo. Mtungaji aigaye tamthilia za kigeni bila kulifikiri hilo atapata mchezo usiosadikika, na watazamaji watauliza: ndugu zake wako wapi?

Lakini Magoma si mlima tu. Chini bondeni ni nchi ya mkonge, zao lililoletwa pwani ya Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa ajili yake watu walitolewa mbali, Uha, Unyamwezi, Umakonde, Burundi, wengi wao kwa mkono wa SILABU, ofisi ya kuandika wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1944. Watu hao waliitwa manamba, kwa vile walivyoandikwa kwa namba. Siku zao za kazi ziliwekwa katika kipande. Kambini jirani hakumjua mama wa jirani, wala mji wake. Hapo mtu angaliweza kusahau nafsi yake pasiwepo wa kumkumbusha, na hapo pia, jambo lililo zito zaidi, mtu mwenye kumbukumbu timamu angaliweza kuchukua jina lingine na kulikaa. Hadithi ya kijana aliyesahau ina ardhi yake katika bonde hilo. Haikuhitaji kuletwa kutoka Seoul.

Kwa kipimo hiki uzuri wa tamthilia ya Korea waonekana. Watungaji wake hawakumfanya Eun-bi asahau tu. Walimchagua mtoto asiye na wa kumkumbusha, kisha wakamweka katikati ya watu wanaomkumbusha habari za mtu mwingine. Na baada ya vipindi vichache tu kumbukumbu zake zinarudi. Hapo tamthilia dhaifu ingalikwisha. Hii ndipo ianzapo, kwa sababu msichana sasa anajua, naye ananyamaza, akiendelea kulala katika kitanda cha pacha wake. Kuna ukatili mkubwa zaidi katika kuja kwa So-young, anayehamia shule ile ile ya Seoul na kumtambua. Huyu mtesaji ndiye mtu pekee pale aliyemshika Eun-bi kama alivyokuwa. Akiba yote ya mtoto yule imo mkononi mwa adui.

Msomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichohaririwa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962, ataona kinyume chake. Mbegha hakusahau kitu. Ni kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wa Ngulu hawakumsahaulia. Wanamnyima urithi kwa ajili ya jambo lililompata mchanga. Anakwenda, na rafiki yake, mwana wa mkubwa wa Kilindi, anapokufa mawindoni, inambidi kukimbia tena. Katika Usambara watu wanampima kwa yale wayaonayo: anawaondolea nguruwe mashambani, anawagawia nyama, anaua simba. Kwa Mbegha, kumbukumbu za watu ndizo zilizokuwa gereza, na milima ile ile iliyo juu ya Magoma ikamfungulia.

Aibu ya tamthilia ni kumrudisha Eun-byul akiwa hai. Tangu hapo kila mtu anapata chake, mama anapata wawili badala ya mmoja, na swali gumu lililojengwa kwa subira linafutwa kwa bahati. Nyumba ya watoto ya Tongyeong nayo inaguswa kwa haraka mno. Watu wa Tanzania wanaosimulia habari za msukule, mtu aliyezikwa kumbe kaburini umelala mgomba, wasingalipita hapo upesi hivyo. Katika masimulizi hayo aliyerudi bila fahamu ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni wale waliokwisha kulia, wakatandua tanga, na sasa wanaitwa waje kumtazama mtu aliyeketi kimya uani, mmoja wao aseme kama ndiye.