Ngoma Yenye Maneno

Katika tamthilia nyingi za Kiswahili nilizosoma, mpiga ngoma hupewa maneno mawili tu, nayo yamo ndani ya mabano: (Ngoma inalia). Hapo mwandishi huwa amekwisha kazi yake upande wa muziki. Ni ngoma gani, kwa mdundo upi, na inalia kwa sababu nani kafanya nini, hayo humwachia mwelekezaji. Mwelekezaji naye humwachia mpigaji. Na mpigaji hupiga anachokijua. Wachezaji huingia, watu hupiga makofi, ngoma hunyamaza, na mchezo huendelea pale ulipokatizwa. Ukiiondoa ngoma ile, hakuna atakayegundua kwamba hadithi imepungukiwa na kitu.

Ndiyo maana nataka kumzungumzia mtu aliyeifanya kazi hii kinyume kabisa, Duro Ladipo wa Osogbo, Nigeria, na hasa tamthilia yake ya Oba Koso. Ladipo alifariki mwaka 1978. Wengi humwita mwandishi wa tamthilia, lakini jina hilo halimtoshi. Alitunga nyimbo, akapangilia ngoma na kwaya, akakiongoza kikundi, na mwenyewe akasimama jukwaani kama mfalme Sango, akitoa moto kinywani. Mkewe Abiodun alicheza kama Oya, mke wa Sango.

Alikuwa mtoto wa katekista wa Kianglikana, mwalimu wa shule, na muziki aliuanzia kanisani. Mwaka 1961 alitunga kantata ya Pasaka, akaingiza ndani yake ngoma za Kiyoruba zinazozungumza. Waumini wakakataa, wakasema ngoma hizo ni za mizimu na hazina mahali katika nyumba ya Mungu. Ni rahisi kuwacheka watu wale leo. Mimi siwacheki, maana naona walimwelewa Ladipo kuliko wengi waliomsifu baadaye. Walijua kuwa ngoma ile si kelele. Ina maneno, na maneno yana kumbukumbu.

Hapa hapana budi nieleze kidogo habari ya lugha, maana bila hiyo muziki wa Ladipo haueleweki. Kiyoruba ni lugha ya toni: sauti ya juu, ya kati na ya chini. Neno oko, likitamkwa kwa toni moja ni mume, kwa nyingine ni jembe, kwa nyingine ni chombo cha kusafiria. Ngoma iitwayo dundun, ile yenye kiuno chembamba na kamba pembeni, mpigaji akizibana kamba kwa mkono sauti hupanda, akizilegeza hushuka. Kwa hiyo anaweza kuzifuata toni za usemi, na msikilizaji aliyezoea methali na majina ya sifa za ukoo akasikia sentensi nzima. Bata, ngoma za Sango, nazo husema, ila wenyewe Wayoruba hutania kwamba zina kigugumizi. Sasa fikiria wamisionari walipotafsiri tenzi zao kwa Kiyoruba wakaziimbisha kwa tuni za Ulaya. Tuni inapanda pale neno linapotaka kushuka, na mume anageuka jembe mbele ya madhabahu. Kwa miaka mingi watu waliimba hivyo. Ladipo alitaka tu muziki ukubaliane na maneno, na dai hilo likamtoa nje ya mlango wa kanisa.

Nje alikutana na Ulli Beier, Mjerumani aliyekuwa akifundisha elimu ya watu wazima chini ya chuo kikuu cha Ibadan. Mwaka 1962 wakafungua Osogbo klabu ya wasanii iliyokuja kuitwa Mbari Mbayo, na mwaka huohuo Ladipo akatoa tamthilia yake ya muziki ya Oba Moro. Oba Koso ikafuata mwaka 1963. Mwaka 1964 ilikwenda Berlin, na 1965 Uingereza. Wapo walioona kwamba Ladipo alielekezwa na mgeni aliyependa vitu vya kale kuliko wenye vitu vyenyewe. Hubert Ogunde, aliyemtangulia tangu mwaka 1944, alikuwa na saksafoni jukwaani, na umma ulimpenda mno. Lakini hoja hiyo naona ina mguu mmoja. Beier aliweza kumshauri Ladipo aache gitaa. Hakuweza kumfundisha bata inasema nini.

Hadithi yenyewe si ndefu. Sango, mfalme wa Oyo, ana majemadari wawili waliomshinda nguvu, Timi na Gbonka. Watu wamechoka na vita vyao. Mfalme anampeleka Timi mpakani, mji wa Ede, akitumaini ataangamia huko. Timi hafi, anakuwa mkubwa. Mfalme anamtuma Gbonka akamlete. Gbonka anamlaza Timi usingizi kwa maneno ya uganga, anamleta, kisha wanapambanishwa tena mbele ya mfalme. Gbonka anashinda, na sasa hakuna wa kumzuia. Anamgeukia mfalme mwenyewe. Sango kwa hasira anawaua watu wake, anaukimbia mji, Oya anamwacha njiani, naye anajinyonga mtini. Wafuasi wake wanatangaza: Oba koso, mfalme hakujinyonga. Amekuwa radi.

Ukiisoma kama hadithi tu, utasema Sango ni mtawala mwoga aliyecheza na watu wawili wenye nguvu akaungua. Muziki ndio unaokataa urahisi huo. Sango huambatana na bata zake na sifa zake: mwenye moto, mwenye kuogopwa, asiyetazamwa usoni. Sifa hizi za oriki si mapambo ya kumkaribisha mgeni rasmi. Ni deni. Kila zinapotajwa, mfalme anakumbushwa ukubwa ambao hawezi kuushusha hata pale busara inapomtaka awe mdogo. Watu wanapomlalamikia kuhusu majemadari, angeweza kukiri kwamba amewashindwa. Lakini mtu gani anakiri hivyo huku ngoma zikimwita radi? Anatafuta hila. Hila inaposhindikana anabaki na kitu kimoja tu kinacholingana na sifa zake, nacho ni moto, na anawawashia walewale waliokuwa wakimsifu. Sijui tamthilia nyingine ambamo sifa za mfalme zinageuka kitanzi kwa namna iliyo wazi hivi bila mhusika yeyote kusimama na kutufafanulia.

Kisha ule mwisho. Tumeona alivyokufa. Mtu mmoja akisimama akasema kwa maneno matupu kwamba mfalme hakujinyonga, atakuwa mwongo, nasi tutamhukumu kama mwongo. Ladipo hampi mtu mmoja kauli hiyo. Anaitia katika wimbo, na wimbo anaupa umati. Umati ukiimba jambo pamoja, ngoma zikilishika na kulirudia, swali la ukweli na uongo linahama mahali pake. Linakuwa ibada. Kilichotokea pale jukwaani ni kuzaliwa kwa dini, na mzazi wake ni kiitikio. Mtu aliyefukuzwa na ngoma zake miaka miwili kabla ameonyesha namna watu wanavyopata mungu, na ameonyesha kwa ngoma zilezile. Sidhani aliweka hilo kama kisasi. Alikuwa Mkristo aliyelelewa na kwaya, na ni kwaya iliyomfundisha jinsi watu wengi wanavyopumua kwa pamoja.

Maandishi ya Oba Koso yanatusaidia kwa kiasi. Tafsiri fupi ya Kiingereza ya Beier ya mwaka 1964 inasomeka kama shairi zuri, na ndiyo iliyomfikisha Ladipo kwa wasomaji wa nje, lakini ndani yake Sango anakuwa mtu wa maneno machache na hasira ya ghafla. Mwaka 1972 yakatoka Ibadan maandishi yaliyonukuliwa kutoka katika rekodi ya mchezo wenyewe, Kiyoruba na Kiingereza. Huko ndiko unaona jinsi mchezo ulivyojaa sifa, maghani ya wawindaji na maneno ya uganga.

Je, basi Ladipo alikuwa mtungaji au mpangaji? Sehemu kubwa ya alichokitumia ilikuwapo kabla yake. Sifa za Sango ni za waabuduo Sango. Ufundi wa ngoma ni wa koo zinazorithishana ngoma, ambazo majina ya watoto wao huanza na Ayan. Wapigaji wake hawakusubiri aje awatungie. Kwangu hilo halimpunguzii. Kazi ya mwanamuziki katika tamthilia iko zaidi katika kuamua kitu kilichopo kisikike lini, juu ya tendo gani, na kinyamaze lini. Kasoro yake iko kwingine: alikijenga chombo kikimtegemea yeye mwenyewe kama nguzo, mtungaji na Sango kwa pamoja. Abiodun aliendelea na kazi baada ya 1978, lakini radi ile ilikuwa na kifua kimoja.

Sisi tutajifunza nini hapo? Nimeshaona michezo yetu iliyojaribu kuiga, ngoma ikijibizana na mhusika kana kwamba inasema. Haikusema. Kiswahili hakina toni. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ngoma ikiufuata mkazo huo inapata mwendo mmoja kwa karibu maneno yote. Wahenga walikuwa wakweli: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu inatuambia kwamba lipo jambo. Jambo gani, lazima aje mtu aseme kwa kinywa. Kunakili dundun katika Kiswahili ni kunakili mdomo bila ulimi.

Hata hivyo tunacho chetu, na hakiko mbali. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981, kiliwaweka watu wa tamthilia na watu wa ngoma katika ua mmoja, na miongoni mwa walimu wake alikuwa Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze la Kigogo, aliyefariki mwaka 2003. Penina Muhando naye katika Lina Ubani (1984) aliirudisha ngano jukwaani. Naamini ngano ndiyo njia, kwa sababu ndani ya ngano zetu wimbo hufanya kazi ileile ambayo bata hufanya kwa Ladipo. Kumbuka ile hadithi ya binti aliyeuawa na wenziwe akafukiwa, ambayo husimuliwa kwa sura nyingi katika makabila yetu. Msimulizi anaeleza kwa maneno ya kawaida mpaka anafika pale ndege anapotua, au nyasi zinapoota juu ya kaburi, na hapo haelezi tena. Anaimba, na wasikilizaji wanaitikia, na ndani ya wimbo huo muuaji anatajwa. Wimbo unarudiwa nyumba kwa nyumba hadi unafika kwa mama.

Jaribu kuusimulia mkasa huo ukiuruka wimbo. Binti atabaki ardhini, na mama hatajua.