Tanzania na Uganda: Jeshi Lisiloonekana Kwenye Jedwali

Chukua takwimu za 1978. Taasisi ya IISS ya London iliipa Tanzania askari 26,000 na ushee. Uganda ya Idi Amin ilikuwa nao 20,000 hivi. Sasa gawa kwa idadi ya watu. Sensa yetu ya mwaka ule ilihesabu watu milioni 17.5, na ya Uganda ya 1980 milioni 12.6. Kila nchi inapata askari 15 au 16 kwa kila watu 10,000. Kwa hesabu hiyo, Vita vya Kagera vilikuwa vya nguvu sawa.

Havikuwa hivyo. Ndani ya miezi michache Tanzania ilikuwa imekusanya watu zaidi ya 150,000, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka.

Jedwali lilikosea wapi? Safu ya kwanza huhesabu askari wa kudumu peke yao. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliovifuatilia vita hivyo kwa karibu, wanataja mgambo 40,000 hivi katika ongezeko lile, pamoja na polisi, magereza na JKT. Uganda haikuwa na hazina ya namna hiyo, na askari wa Libya walioletwa kumwokoa Amin hawakuziba pengo.

Chanzo cha tofauti hii ni Januari 1964. Majeshi yote mawili yaliasi siku chache tu zikipishana, Dar es Salaam kisha Jinja. Obote aliwaongezea askari mishahara, akaendelea kulipanua jeshi lile lile. Nyerere alilivunja Tanganyika Rifles, lililokuwa na vikosi viwili, Colito na Tabora, na Septemba 1 mwaka huo JWTZ ikazaliwa. Amin alipompindua Obote Januari 1971, haikupita hata miezi miwili TANU ikatoa Mwongozo uliotaka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Huku Ugogo, ilikuwa ni miaka ya Operesheni Dodoma, kaya zilizotawanyika zikikusanywa vijijini. Operesheni ile ina lawama zake nyingi, lakini naamini ilirahisisha kazi ya kuandikisha mgambo: watu walikuwa mahali pamoja na orodha ipo.

Kwa hiyo kabla ya kuchora grafu, amua nani anahesabiwa, kisha usibadili kanuni katikati. Kijana aliyeko JKT Makutupora utamweka safu gani? Ukimhesabu mwaka huu na kumwacha mwaka ujao, umechora kupanda na kushuka ambako hakukutokea.

Kanuni ikishatulia, mistari inasema mengi. Wa Uganda umeyumba sana: mwanzoni mwa miaka ya 1990 jeshi la Museveni lilikaribia 100,000, kisha 36,000 hivi wakarudishwa uraiani kufikia 1995. Miaka ya karibuni IISS inalitaja kuwa 45,000. Wa Tanzania ni kama umelala: 27,000 wa kudumu, na akiba 80,000 katika safu ambayo wengi hawaifikii. Wakati huohuo watu wameongezeka hadi milioni 61.7 kwa sensa ya 2022. Askari wa kudumu sasa ni wanne tu kwa kila Watanzania 10,000. Uganda ni kama kumi.